Bahari Haishoni

Kilwa Kisiwani, mwaka ule wa wafalme watatu,
mimi ndiye niliyeosha.
Wenye majoho, wenye viraka, wote kwangu walikuja uchi,
na sikumwogopa hata mmoja
mpaka nilipomkuta mpagazi wa boriti, aliyezama usiku,
ana mshono chini ya kitovu:
hariri nyeupe, mafundo saba.

Bahari haishoni.

Hariri ile alikuwa nayo mtu mmoja tu kisiwani.
Nikamwendea Tabibu Haidari, uzi kiganjani,
nikamwambia: wewe, unayemlaza mfalme na kumwamsha,
hujui kwamba maiti huumia?
Hakukana. Alinipa maji ya kunywa
kwa bakuli la Kichina lenye ufa.
"Vitabu vyangu," akasema, "viliandikwa na watu walionakili
kwa watu waliochinja mbuzi.
Miaka thelathini natibu kama mtu anayepapasa
ndani ya gunia la mwenzake."

Nilimtukana hadi adhuhuri.
Usiku nilimshikia taa.

Sitasema ilikuwa elimu. Ilikuwa harufu,
mafuta ya ufuta yakilia kwenye utambi,
mbu, na kalamu yake ikikwaruza.
Ini alilichora mara nne, akalifuta mara nne.
"Tazama," akanong'ona, "moyo una masikio."
Basi husikia? nikauliza.
Akacheka, kisha akauziba mdomo kwa mkono,
akakumbuka mkono ulikotoka.

Kisha akafa Zubeiri, mrithi, wa miaka kumi na tisa,
usiku wa karamu ya Amiri.
Homa, alisema Amiri, kabla hajaulizwa.
Mwili ukaletwa kwangu wakati wa magharibi, maziko asubuhi.
Askari wawili mlangoni, wanacheza bao.
Haidari akapitia uani, kwenye mfereji wa maji machafu,
mzee wa miaka sitini, kwa tumbo, kama kenge.

Alikata. Nikainamisha taa.
Tumbo la kijana lilikuwa jeusi kama kitako cha chungu.

Hatukusemezana.
Aliposhona, fundo la tatu alilirudia.

Asubuhi barazani, mbele ya watu,
Amiri akauliza: Tabibu, kilichomuua ni nini?
Mama wa marehemu alikuwa nyuma ya pazia;
nilisikia bangili zake zikinyamaza.
Hapo ndipo nilipouona mtego.
Aliyejua, alikuwa amejuaje?
Neno "sumu" lilikuwa na kisu ndani yake,
na kisu kile kilikuwa cha Haidari.

"Homa," akasema.
Wakamvisha joho. Lilimzidi urefu;
alilikanyaga akishuka ngazi, hakuna aliyecheka.

Jioni yule mama alinitumia kijakazi wake:
mwanangu alikuwa na alama yoyote?
Nikajibu: sina macho ya kukagua wafalme.
Jibu hilo limenikaa kooni kama mwiba wa changu,
silimezi, silitemi.

Arobaini haikutimia.
Haidari akaletwa kwangu, kabebwa na watu wanne,
joho juu yake, na salamu za Amiri:
homa.

Nilipolikunja lile joho, upindo ulikuwa mzito.
Nikaufumua. Kisu. Kibonge cha hariri.
Na karatasi moja, imekunjwa mara nyingi:
moyo wenye masikio,
na pembeni, kwa mwandiko mdogo, jina langu,
Shekuwe, mshika taa.

Mlangoni askari wale wale, bao lile lile,
mmoja analalamika kaibiwa kete.
Nikachemsha majani ya mkunazi, nikapima kafuri.
Taa nikaitundika msumarini,
maana safari hii hapakuwa na wa kunishikia.

Nilichokiona sikumwambia mtu, na wewe sikuambii.
Karatasi ninayo. Nimeongeza mchoro wa pili,
mbaya, kama wa mtoto.

Kuhusu mshono: haukunyooka.
Niliyahesabu mafundo mara mbili.
Yalikuwa tisa.